Kipindupindu na Suala la Shari

Tangu kale watu wa dini na watu wa falsafa wamebishana juu ya mahali inapokaa shari: kama imo katika dhati ya kiumbe, au imo katika nia ya mtendaji, au haipo popote ila pale viumbe wawili wanapokutana kwa namna isiyowafaa. Nimelitafakari suala hili kwa muda mrefu, na sijaona linapoulizwa kwa ukali kuliko katika utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu, maradhi yaliyoushika mji wa Unguja mwaka 1869, baada ya kushuka na misafara ya bara hadi Pangani na kuvuka bahari, na ambayo tabibu James Christie, aliyekuwapo Unguja siku hizo, aliyaandikia kitabu kizima kilichochapishwa London mwaka 1876.

Kijidudu chake, Vibrio cholerae, makao yake ya asili ni maji ya vinywa vya mito, yale yasiyokolea chumvi, ambako hujibandika juu ya maganda ya vidudu vidogo vya majini na kujipatia riziki yake humo. Hata sumu yake si mali yake ya asili, kwani mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos walibainisha kuwa maagizo ya kuitengeneza huletwa na virusi viingiavyo ndani ya bakteria. Basi tukimshitaki mdudu itatulazimu kumshitaki na mgeni wake, na mgeni huyo, hata kumwita kiumbe hai, wataalamu wamekhitilafiana.

Tuitazame sumu yenyewe kwa karibu. Ina vipande sita: vitano vimejipanga mviringo mfano wa pete, na cha sita kimekaa juu yake. Pete ile hushika sukari iliyo juu ya ngozi ya seli ya utumbo, katika mafuta yaitwayo GM1, ambayo seli iliyaweka pale kwa haja zake yenyewe. Kisha seli huimeza sumu, ikaipitisha kinyumenyume katika njia zake za ndani mpaka kwenye chumba cha kukunjia protini, na huko kile kipande cha sita hutendewa kama protini iliyoharibika, kikatupwa nje ya chumba. Na kutupwa huko ndiko kunakokifikisha mahali pa madhara. Hapo hupachika alama ndogo ya kemikali juu ya protini moja ambayo kazi yake ni kuwaka na kuzimika, nayo ikabaki inawaka, haizimiki tena. Amri hutolewa bila kukoma, milango ya kloridi hufunguka, chumvi hutoka na maji huifuata, hata mtu mzima akaweza kupoteza lita moja kwa saa, maji meupe kama yaliyooshewa mchele, macho yakazama, na ngozi ya mkono ukiifinya ikabaki imesimama vile vile ulivyoiacha.

Katika mambo yote hayo, ni nani aliyekusudia ubaya? Seli imetii amri kama ilivyo ada yake. Sumu haina akili. Bakteria anatafuta kuishi. Wako wasemao kuwa hapa imani hushindwa, kwa kuwa ufunguo huu umechongwa sawasawa na kufuli, na aliyeviumba vyote viwili haepukani na lawama. Siwakubali, wala siwakubali wale wanaokimbilia kujibu kuwa ni adhabu, maana maradhi haya humwanza mtoto wa maskini anywaye maji ya kisima kilichochimbwa karibu na choo, nami sijui mtoto yule ana dhambi gani.

Ninachokijua ni kwamba ukuta ule ule wa utumbo una mlango mwingine, ambao sumu haiugusi kabisa. Ni protini ipitishayo sodiamu na glukosi kwa pamoja, jambo ambalo Robert Crane alilieleza mjini Prague mwaka 1960. Wakati maji yanamwagika kwa mlango mmoja, mlango huu wa pili ungali mzima, unangoja: chumvi peke yake haipiti humo, bali ikija na sukari hupita, na maji yakaifuata kurudi mwilini. Mwaka 1971, katika vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika Bangaon, upande wa India, hata dripu zikaadimika. Tabibu Dilip Mahalanabis akaamuru chumvi na sukari vitiwe katika mapipa ya maji, na ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo, vilivyokuwa karibu asilimia 30, vilishuka chini ya asilimia 4.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: shari, kwa maana yake kamili, haimo katika bakteria wala katika seli, bali huanza pale penye ujuzi na hiari, yaani kwetu sisi tulioujua mlango ule, tukaacha visima vichafuke, na mgonjwa afe kwa kukosa kitu kilichomo katika kila jiko. Ewe msomaji, liweke hili moyoni: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa bila kilima. Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo bila kuacha, nanyi mkiwa njiani kwenda hospitali.