Mizani ya Sauti Mbele za Mungu

Nafundisha kwaya katika usharika wa Kilutheri hapa Shelui, chini ya mlima Sekenke, na kuna swali moja ambalo haliniachii: je, mbele za Mungu kuna kimo cha sauti kilicho sahihi? Siulizi habari za sauti tamu na sauti mbaya. Nauliza juu ya umbali wa noti hadi noti, ule ambao kinanda kimeugawa vipande 12 vilivyo sawa ndani ya oktava, na ambao programu nyingi za muziki zinauchukua kana kwamba nje yake hakuna sauti.

Swali hili lililetwa na mjomba wangu, ndugu wa mama, Mgogo wa Manyoni, anayepiga ilimba, ala ya ndimi ya Wagogo, tangu ujanani. Tulitaka wimbo wake mmoja uingie kwenye albamu ya kwaya. Fundi wa studio tuliyokwenda alisema mzee yuko nje ya ki, yaani ufunguo wa wimbo, akawasha programu ya kunyoosha sauti, na kila noti iliyokaa kati ya vibonye viwili ikavutwa hadi kibonye cha jirani. Mjomba alisikiliza wimbo hadi mwisho, akavua visikizio, akaniuliza:

"Mjomba, huyu anayeimba humu ni nani?"

"Ni wewe, mjomba."

"Basi wamenitengenezea mtu mwingine."

Tuliporudi nyumbani nilimwomba apige ulimi mmoja mmoja wa ilimba karibu na simu yangu, yenye programu ya kupima mitetemo. Ulimi wa kwanza ulitoa mitetemo 300 hivi kwa sekunde. Uliofuata, 350. Kisha 400, 450, 500, halafu 600, ukiacha tofauti ya mtetemo mmoja au miwili. Gawanya kwa 50 utapata 6, 7, 8, 9, 10 na 12. Hizi ni namba za sauti zinazojificha ndani ya kila sauti: uzi ukitetemeka mara 50 kwa sekunde, ndani yake mna 100, 150, 200 na kuendelea, hafifu lakini zipo. Wataalamu kama Gerhard Kubik wameandika kwamba muziki wa Wagogo umesimama juu ya sauti hizo, na mwanamuziki wa Kigogo, marehemu Hukwe Zawose, aliufikisha kwenye majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003.

Wapimaji wa sauti hugawa oktava senti 1200, na kwenye kinanda kibonye hadi kibonye ni senti 100. Sasa, kutoka 6 hadi 7 ya mjomba ni senti 267. Kinanda kina 200 na kina 300, 267 hakina. Kutoka 7 hadi 8 ni senti 231, nayo haimo. Zile senti 33 zilizobaki kati ya 267 na 300, theluthi ya nusu toni, ndizo fundi aliziita nje ya ki. Mzee alikuwa ndani kabisa ya ki yake.

Kwa nini kompyuta haikumsikia? Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda vya umeme walikubaliana lugha moja ya vyombo kuzungumza, iitwayo MIDI. Lugha hiyo iliipa kila noti namba, kuanzia 0 hadi 127. Do ya katikati ni 60, inayofuata juu yake ni 61, na kati ya 60 na 61 hakuna namba. Kuna amri ya kupinda sauti, lakini inapinda noti zote za chaneli nzima kwa pamoja. Makubaliano yale yalifanya kazi kubwa na njema. Ila tangu siku hiyo, anayetaka noti ya mjomba hana budi kuiomba kwa njia ya kando.

Njia za kando zipo, nami nimezitafuta kwa bidii. Mholanzi Manuel Op de Coul alitengeneza programu ya bure iitwayo Scala, pamoja na hazina ya maelfu ya skeli za dunia. Faili lake ni maandishi matupu. Skeli ya mjomba inaingia humo kwa mistari michache: jina, idadi ya noti ambayo ni 5, kisha 7/6, 4/3, 3/2, 5/3, 2/1. Basi. Surge XT, kinanda cha kompyuta cha bure, kinalisoma faili hilo, na kwa faili la pili la mpangilio unaweza kuzikalisha noti zote tano kwenye vibonye vyeusi peke yake. Ukishakipakua hakihitaji bando. MuseScore, tunayoandikia nota za kwaya, inakubali kusogeza noti kwa senti, ila ni kazi ya noti moja moja. Mwaka 2021 Khyam Allami, mwanamuziki mwenye asili ya Iraki, akishirikiana na studio ya Counterpoint, alitoa programu za Leimma na Apotome, zinazofunguka kwenye kivinjari cha intaneti na zinazokuruhusu kuanza na skeli yako mwenyewe. Nikienda Singida mjini penye mtandao mzuri, hizo ndizo naanza nazo.

Siku faili lilipokubali, niliilaza ilimba juu ya spika. Ilimba kubwa ya Kigogo ina ndimi ambazo hazipigwi; zimewekwa ziitikie zile zinazopigwa. Ina pia tundu lililofunikwa utando wa buibui, unaovuma sauti inapopita. Nilibonyeza noti ya kawaida ya kinanda, ndimi zikatulia. Nikabonyeza 7/6. Ulimi ambao hakuna aliyeugusa ukatetemeka, na utando ukavuma. Mjomba hakusema neno. Aliichukua ilimba akaanza kupiga, nami nikamfuata kwa vibonye vyeusi.

Hapo kishawishi kikaja: kusema kwamba Mungu yuko upande wetu, kwamba namba hizi zimo katika maumbile, na kinanda ni cha wanadamu tu. Nimekikataa kishawishi hicho. Wafuasi wa Pythagoras waliamini sayari zinaimba kwa uwiano wa namba. Mwanafalsafa Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950 na kutuachia kitabu kikubwa cha muziki, aliikana imani hiyo, akarudisha hukumu kwa sikio na uzoefu wa wapigaji. Nasimama naye. Nikisema skeli ya Wagogo ndiyo sheria ya mbinguni, nitawaambia nini jirani zangu Wanyiramba, ambao si lazima wapime kama Wagogo? Nitasema nini juu ya adhana, yenye noti zisizopatikana kwa mjomba wala kwenye kinanda? Mwaka 1932 wataalamu walikutana Cairo kwa kongamano la muziki wa Kiarabu, wakabishana kama oktava igawanywe robo toni 24 zilizo sawa, na hawakuafikiana. Nadi Ikhwan Safaa wa Zanzibar, waliopo tangu 1905, hawakusubiri uamuzi huo ili wapige taarabu.

Wala sikidharau kinanda. Mgawanyo wa 12 unaiwezesha kwaya kuhama kutoka ki moja hadi nyingine, na soprano, alto, tena na besi kukutana bila ugomvi. Naupenda. Lakini hapa Shelui kila mtu anajua kuna mizani ya gunia la mahindi na kuna mizani ya dhahabu inayosoma gramu na pointi, na zote mbili zinaweza kuwa za haki. Dhuluma huanza pale dhahabu ya mchimbaji inapowekwa kwenye mizani ya mahindi, mshale usisogee, na akaambiwa hana kitu. Kitabu cha Mithali kinasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Naamini neno hilo linahusu na sauti.

Kanisa lilianza zamani kuitafuta haki hii. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitaka muziki wa makabila upewe heshima yake katika ibada, na mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga alichapisha kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Upande wetu, Howard Olson, mmisionari aliyekichunguza Kinyaturu cha hapa Singida, alikusanya akiwa chuoni Makumira nyimbo za Kiafrika katika Tumshangilie Mungu. Nazishukuru kazi hizo, na kwaya yangu inakula matunda yake. Lakini nota za mistari mitano ziliandika nyimbo zetu kwa noti za kinanda. Wimbo uliingia kanisani, kimo chake kikabaki mlangoni.

Wapo wanaoniambia: mwalimu, Mungu anatazama moyo, senti 33 ni nini kwake? Ni neno la kweli, na kwa kuwa ni la kweli linawarudia wao. Kama kimo si kitu, kwa nini tulimnyoosha mzee? Na kama ni kitu, nani ametupa ruhusa ya kupima chake kwa cha mwingine?

Jibu langu ni hili. Usahihi wa sauti ni mapatano ya wanaoimba pamoja, na Mungu anapokea mapatano yaliyo ya kweli. Uongo ni kumtia mtu katika mapatano ambayo hakuulizwa, kisha kumwita mkosaji. Kwa hiyo tenzi zetu za Kilutheri naendelea kuzifundisha kwa kinanda, na nyimbo za Kigogo nazifundisha kwa faili lile au kwa ilimba yenyewe, na vijana wanajifunza kuisikia ile 7 hadi iwakae kooni. Na kijana yeyote anayetafuta programu ya kutungia muziki, kabla ya kuuliza bei na idadi ya vyombo vilivyomo, aipe kwanza sauti ya bibi yake. Ikiipokea ilivyo, aitumie. Ikiinyoosha bila kuombwa, atafute nyingine, maana zipo, na nyingine ni za bure.