Mgeni wa Siku Saba

Tumerudi kutoka likizo na swali moja. Tunadhani wengi wenu mmewahi kukutana nalo mbele ya dirisha la karani fulani huko nyumbani, kwa hiyo tumeona tuwaletee tulitafakari pamoja.

Desemba 2024 tulikwenda Mafia kwa wiki moja, marafiki sita tunaoishi Uingereza, wote tumevuka miaka hamsini. Tulisoma pamoja Dar es Salaam, tukaja huku kusomea uhandisi, tukapata kazi, mvi zikatuota. Kila tulipokutana arusini au msibani tulisema, "Iko siku tutavitembelea visiwa vyetu wenyewe, kabla magoti hayajatukataa." Siku hiyo ikafika. Tukanunua miwani ya kuzamia na mirija ya kupumulia, tukapanda ndege ndogo Dar es Salaam, na baada ya nusu saa hivi tukawa Kilindoni.

Wiki ile hatutaisahau. Mbele ya Kilindoni tuliogelea na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hana haja na mtu. Hufungua mdomo wake mpana, akachuja vidudu na kamba wadogo wa baharini, akaenda zake. Tuliambiwa tusimguse wala tusimzibe njia. Tulitii, ingawa mwenzetu mmoja alishangaa hadi akanywa maji ya chumvi. Kisiwani Chole tuliwatazama popo wakubwa wala matunda wakining'inia mitini mchana kweupe, popo ambao jamaa zao wako Komoro na Shelisheli. Juani tulitembea katika magofu ya mji wa Kua. Katika ghuba ya Chole tulimwona kasa akila nyasi za baharini bila haraka, kama mtu aliyestaafu.

Jambo lenyewe lilitokea siku ya pili, tulipokwenda kulipia kiingilio cha hifadhi. Bei ni mbili, ya raia na ya mgeni, na ya mgeni ni kubwa zaidi kwa mbali. Tukajipanga kwenye bei ya raia. Karani, kijana mwenye adabu, akasema, "Shikamooni wazee wangu. Naomba pasipoti." Tukampa sita, zote za Uingereza. Akazitazama, akatutazama, akasema taratibu, "Wazee wangu, hizi ni za wageni."

Mmoja wetu akapandisha sauti. "Mgeni nani? Kitovu changu kimezikwa Bagamoyo, wewe hujazaliwa!" Kijana akainamisha macho, akanyamaza. Tukalipa bei ya mgeni, tukatoka tumenuna. Fedha yenyewe haikutuuma, maana tumewahi kutumia zaidi ya hiyo kwa chakula cha jioni moja London. Kilichotuuma ni lile neno.

Usiku ule, baada ya wali na pweza, tukabishana. Hoja zilikuwa tatu. Ya kwanza ni ya kuzaliwa: asili haifutiki kwa karatasi, na mwacha asili ni mtumwa. Ya pili ni ya fedha: kwa miaka thelathini tumepeleka karo, dawa na mabati ya kuezekea, je, hayo hayahesabiwi? Ya tatu aliitoa mwenzetu mpenda kusoma. Zamani, alisema, ilidhaniwa kuwa potwe wa Mafia huhama msimu wao ukiisha. Lakini watafiti waliwafunga vifaa vya sauti, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa wengi hawaendi popote. Husogea tu mbali kidogo na pwani, kwenye maji marefu, wasionekane. "Na sisi ndivyo tulivyo," akasema. "Hatuonekani, lakini hatujaondoka."

Tuliipenda hoja hiyo, tukaipigia makofi. Kisha mwingine akauliza, "Potwe gani huyo aliyeapa utii kwa Malkia?" Tukacheka, halafu kicheko kikaisha. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, nasi tulipoinua mikono kuapa tulilijua hilo. Hatukufanya kosa. Tulitaka kazi isiyo na wasiwasi, safari isiyo na viza, ada nafuu za vyuo kwa watoto. Tulichagua, na tulichochagua tulikipata.

Siku ya nne tulikwenda Kitutia, upande wa kusini. Nahodha wetu, mtu wa Jibondo aliyetuzidi umri kidogo, alitusikia tukiendelea na mabishano yetu. Akasema alipokuwa kijana, baruti ilikuwa ikilia baharini, watu wakivunja matumbawe kuchoma chokaa na wakivuta kokoro lililozoa wakubwa na wadogo. Mwaka 1995 ikaanzishwa hifadhi ya bahari, ya kwanza nchini. Sehemu nyingine zikafungwa kabisa kwa uvuvi, nyingine zikawekewa masharti ya nyavu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1998, bahari ikapata joto, matumbawe mengi yakafa.

"Kufunga kulikuwa na maana," alisema. "Samaki wanaonekana, nanyi mmewaona. Lakini ile miaka ya kungoja, watoto wetu walikula nini? Nyinyi wageni wangu mmekuja kupumzika. Sisi tuliambiwa tuipumzishe bahari. Maneno hayo yanafanana, lakini moja lina njaa ndani yake."

Mwenzetu wa Bagamoyo akamwambia, "Kaka, sisi si wageni." Nahodha akatabasamu. "Mgeni si tusi, bwana. Mgeni ni mtu anayeondoka Jumapili."

Tangu hapo tumelifikiria jambo hili kwa namna tuliyozoea kazini. Mhandisi akitaka kujua nguzo ipi inalibeba jengo, hatazami ipi imepakwa rangi nzuri. Anafuata mzigo unakoshukia. Tukiufuata mzigo wa uzuri ule wa Mafia, haushukii kwetu tuliozaliwa nchini tukaondoka, wala kwa Mjerumani aliyelipa sawa na sisi. Unamshukia mvuvi aliyeambiwa ageuze mashua, na mkewe aliyebandika sufuria siku hiyo bila kitoweo. Sisi tulitazama tu. Kutazama ni halali, na kunafurahisha moyo, lakini hakumfanyi mtu kuwa mwenyeji.

Mtasema: mbona mtu wa Mwanza ambaye hajawahi kuiona bahari analipa bei ya raia, naye hakubeba mzigo wa Jibondo? Ni kweli. Ila yeye ana mizigo mingine ya nchi hiyo hiyo, umeme ukikatika na bei ya unga ikipanda, na hana pasipoti ya pili ya kukimbilia. Na zile fedha tulizopeleka miaka yote? Tulizipeleka kwa mama, kwa dada, kwa mpwa. Ni wajibu wa damu, na malipo yake ni dua zao. Tukizigeuza kuwa risiti ya kudai punguzo mbele ya karani, tumejipunja wenyewe.

Wala hatusemi kwamba aliyelipa sana amenunua haki. Hapana. Mgeni hutoa fedha kwa sababu hana jembe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikaa siku saba na hakuna aliyetupa jembe, tukadhani ni heshima. Sasa tunaona ile bei kubwa ndiyo iliyokuwa jembe letu, nasi tulilishika kwa kununa.

Asubuhi ya siku ya mwisho mwenzetu wa Bagamoyo alitoka peke yake akaenda kwa yule karani. Hatukumuuliza walisema nini, naye hakutueleza. Aliporudi tulimkuta nahodha ufukweni, maji yamekupwa, mashua yake imekaa juu ya mchanga. Akatuita tumsaidie kuisukuma. Tukavua viatu, tukainamisha mabega, magoti yakalia, mashua ikasogea shibiri baada ya shibiri hadi ikaelea. Nahodha akajifuta jasho akacheka, "Siku yenu ya tatu imechelewa sana, mabwana."

Tulipanda ndege mchana huo na mchanga ungali kwenye kucha. Wenzetu mlioko Muscat, Toronto na kwingineko, mkirudi nyumbani mkaulizwa pasipoti, mnajipanga upande gani?