Mwachie Asukume



Umewahi kumwachia mtoto asukume chapati? Anasukuma. Unga mpaka kwenye nyusi. Chapati inatoka kama ramani ya Afrika. Na mkono wako unawasha: lete hapa, chai itachelewa!

Subiri kidogo. Ukimnyang'anya, kesho hataomba. Ukimcheka mbele ya wageni, hataomba tena. Iweke kikaangoni ramani hiyohiyo. Iive. Kisha muulize: nani tumkatie kwanza? Mwache achague yeye.

Na yule wa sekondari, anayekujibu kwa mabega tu? Huyo ukimkalisha sebuleni umhoji, hupati kitu. Mikono yake ikiwa na kazi, mdomo hufunguka. Basi leo jioni ukitoka kazini, usianze na alama za mtihani. Mwambie akukatie vitunguu, nawe ukae karibu.