Deni la Mpokea Bure

Kuna swali moja la maadili ambalo wazee wetu hawakuulizwa, nalo limewafikia vijana wetu wa Kigoma na Ujiji pasipo kubisha hodi. Swali ni hili: mtu akipewa kitu bure na mtu asiyemjua, tena kitu ambacho hakimpungukii mtoaji, je, anawiwa neno lo lote?

Tueleze kwanza jambo lenyewe, maana si wasomaji wote wanaolifahamu. Kijana wa Mwanga au wa Kibirizi akitaka leo kutengeneza tovuti ya shule, au ya mwenye duka la nyavu, haanzi na mikono mitupu. Huchukua lugha ya PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa kwa watu wote mwaka 1995. Huchukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine, kama vile React, iliyotolewa na kampuni ya Facebook mwaka 2013. Huviweka katika mashine inayoendeshwa na Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi Helsinki. Akikwama, hutafuta jibu lililoandikwa na mtu wa Brazil au wa Uhindi ambaye hatamwona maisha yake yote. Hata utando wenyewe wa tovuti, uliobuniwa na Tim Berners-Lee huko CERN mwaka 1989, uliachiwa ulimwengu mzima bila malipo tarehe 30 Aprili 1993. Kijana wetu hulipia umeme na bando lake. Vyombo vyenyewe havilipii hata senti moja.

Basi wengine husema: “Kama silipi, sidaiwi. Aliyetoa ametoa kwa hiari yake. Tena nikichukua mimi, yeye hapungukiwi.” Hoja hii ina nguvu, wala si vema kuipuuza. Natuipime kwa mizani tuliyo nayo nyumbani.

Sisi tukaao ufukoni mwa Ziwa Tanganyika twajua maana ya mali ya shirika. Ziwa hili ni la nchi nne, na dagaa na migebuka hawana chapa ya mtu. Mwenye mtumbwi, wavu na taa huingia ziwani usiku wa giza akavua. Lakini samaki huisha. Ndiyo sababu serikali ilisimamisha uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana. Agizo lile liliwabana wengi, lakini sababu yake ni rahisi kufahamika: samaki ninayemtoa mimi leo hatakuwamo katika wavu wa jirani yangu kesho.

Programu sivyo ilivyo. Ikinakiliwa mara elfu, ile ya kwanza yabaki nzima. Kwa hiyo yaonekana kama ziwa lisilopungua samaki, na hapo ndipo wengi wanapopotea njia. Programu haiishi, ni kweli. Anayeisha ni mtu. Maana programu ni kama mtumbwi wa mbao, usipozibwa nyufa zake maji huingia. Kila siku makosa hugunduliwa, wezi hubuni hila mpya, na mitambo hubadilika. Hapana budi awepo mzibaji. Na mzibaji huyo mara nyingi ni mtu mmoja asiye na mshahara kwa kazi hiyo, mwenye shughuli zake nyingine, naye huchoka kama tuchokavyo sisi.

Hayo si maneno ya kubuni. Kuna programu ndogo iitwayo XZ Utils, ifanyayo kazi ya kubana mafaili, nayo imo katika mashine nyingi mno duniani. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin wa Finland kwa hiari yake. Mwaka 2022 alieleza hadharani kwamba nguvu zake zina mipaka, na kwamba kazi hiyo haina malipo. Badala ya kumsaidia, watu wasiojulikana walimsonga kwa lawama za uchelewaji. Na mmoja aliyejiita Jia Tan alikuwa amekwisha kumkaribia kama msaidizi mwema. Akafanya kazi kwa bidii zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, akakabidhiwa funguo. Mwaka 2024 akatia ndani yake mlango wa siri. Ulifichuliwa mwezi Machi mwaka huo na Andres Freund, kwa sababu aliona kuingia katika mashine zake kunachelewa kwa muda wa nusu sekunde hivi, akataka kujua kwa nini. Tazama, msomaji: umati mkubwa ulikuwa ukila katika sahani ile, na aliyejitokeza kusaidia kuiosha alikuwa mwizi. Wenye nia njema walikuwa wapi?

Sasa tunaweza kulijibu swali letu, lakini yatupasa kutenga mambo mawili: deni la haki na deni la shukrani.

Deni la haki ni lile lililoandikwa. Karibu kila programu huria huja na masharti yake. Mengine ni mepesi: usifute jina la mwandishi. Mengine ni mazito zaidi, kama yale ya GPL yaliyotolewa mwaka 1989: ukiibadili programu na kuigawa, uwape na wapokeaji haki ile ile uliyopewa wewe. Anayefuta jina la mwenzake na kumwuzia mteja kazi ile kama jasho lake mwenyewe ameiba, ingawa hakuna aliyepoteza mali.

Deni la shukrani halina hati wala hakimu, walakini ni deni. Halilipwi kwa Berners-Lee, ambaye hana haja ya fedha zetu. Hulipwa kwa yule ajaye nyuma. Kijana maskini ataulizaje atalipa nini? Akiona kosa, aliripoti kwa uangalifu, akieleza hatua moja moja jinsi lilivyotokea. Akiuliza, aulize baada ya kujaribu, asipoteze saa za watu. Na aliyekwisha kujua asimdhihaki anayeanza, kwani naye aliwahi kuanza.

Wala tusidhani ya kuwa Waafrika ni wa kupokea tu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka 2008 Wakenya waliunda Ushahidi ili kuonyesha katika ramani mahali palipotokea ghasia za baada ya uchaguzi, wakaitoa bure, na watu wa nchi nyingine wakaitumia katika misiba yao.

Mtu aweza kupinga: “Makampuni makubwa huchukua bure vile vile na kuchuma mamilioni. Kwa nini umdai mtoto wa mvuvi?” Ni kweli, wao wanadaiwa zaidi, na ni haya kwao kumwacha mzibaji mmoja achoke peke yake. Tena kijana asiye na chakula hapaswi kuzitoa usiku zake ili kumwongezea faida tajiri. Lakini deni la jirani halifuti deni langu. Kipimo chake ni uwezo: mwenye kingi atoe kingi, mwenye kidogo atoe kidogo.

Na kidogo hicho chaweza kuwa na thamani kubwa. Stack Overflow, mahali ambapo mafundi wa programu huulizana na kujibizana tangu mwaka 2008, ina matawi ya Kireno, Kihispania, Kirusi na Kijapani. La Kiswahili halipo. Basi kijana wa Ujiji aandikapo kwa Kiswahili safi jinsi alivyolishinda tatizo lililomsumbua siku tatu, anafanya kazi ambayo mabingwa wengi wa Ulaya hawaiwezi.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vijana wetu wamekwisha kukaa katika nyumba hiyo siku nyingi, nao wamekula vizuri. Jembe li karibu na mlango, wala halihitaji kuombewa ruhusa.