Korongo Aliyerudi na Mkuki



Neno la kutafakari mwezi huu limo katika kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 8, mstari wa 7. Hapo Mungu awaweka ndege mbele ya watu wake wawe waalimu wao. Korongo na mbayuwayu hushika majira yao ya kwenda na kurejea, lakini watu waliochaguliwa hawakujua kumrudia Bwana. Nasi tukaao Karatu na kando ya Ngorongoro hatuna haja ya kwenda mbali ili kulifahamu neno hili, kwa kuwa ndege wa namna hiyo hiyo hutujia kila mwaka.

Tangu Novemba, mvua za vuli zianzapo, hata Machi, tazameni katika mashamba ya ngano na katika majani ya Kreta ya Ngorongoro. Mtaona ndege warefu wakitembea polepole kwa makundi. Mwenye mwili mweupe, manyoya meusi mabawani, mdomo mwekundu na miguu mirefu myekundu, huyo ndiye korongo mweupe, mgeni atokaye Ulaya akiikimbia baridi. Mwingine ni mweusi mgongoni na shingoni, tumbo lake ni jeupe. Huyo huzaliwa papa hapa Afrika, kaskazini ya ikweta. Na yule mwenye taji ya rangi ya dhahabu kichwani ni mwenyeji wetu. Mbayuwayu wa Ulaya naye mtamjua kwa mgongo wake wa buluu iliyokoza, koo jekundu kama udongo uliochomwa, na mkia wenye panda mbili.

Ukiweka uani chombo cha maji na punje chache za mtama, watakuja kwera, shomoro na chiriku, nawe utawatazama kwa karibu. Lakini korongo na mbayuwayu hawali nafaka. Mbayuwayu hunasa wadudu angani, na korongo hula panzi, nzige, viwavi na panya. Basi wazazi, wakatazeni watoto wasiwapige kwa manati, wala sumu isitupwe ovyo mashambani. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Safari ya korongo ni ya ajabu. Mabawa yake, toka ncha hata ncha, yapata mita 2. Hupandishwa juu na hewa ya moto itokayo katika nchi kavu, kisha huteleza mbele bila kujichosha. Kwa kuwa hewa hiyo haipandi vivyo hivyo juu ya bahari, haivuki Mediteranea palipo papana, bali huizunguka. Hupita Uturuki, bonde la Yordani na Sinai, hufuata mto Naili, hata afike kwetu. Na wengine huendelea mpaka Afrika Kusini. Kisha, majira yake yatimiapo, hurudi kwa njia ndefu ile ile, na mara nyingi huenda kwenye tundu lile lile la mwaka uliopita.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hao waendako. Wengine walidhani kwamba mbayuwayu hulala matopeni chini ya maji. Ndipo mwaka 1822, karibu na Klütz katika nchi ya Mecklenburg huko Ujerumani, alionekana korongo aliyechomwa mkuki wa mti shingoni, urefu wake kama sentimeta 80. Wenye elimu waliutambua kuwa ni mkuki wa Afrika. Ndege yule alijeruhiwa huku kwetu, wala hakufa. Akaubeba mkuki wake kupita jangwa na milima, akafika kwao. Hata leo mwili wake umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Ndugu, ni nani kati yetu aliye na mkuki shingoni? Yuko kijana aliyekwenda mjini au machimboni, akapoteza fedha na jina jema, naye aona haya kurudi. Yuko mwanamke aliyeiacha Meza ya Bwana kwa sababu ya mambo ya nyumba yake. Yuko mzee aliyeanguka katika pombe. Kila mmoja asema, “Nitarudi nitakapopona.” Lakini korongo yule hakungoja mkuki ung'olewe kwanza. Kama angalingoja, angalikufa ugenini. Njoo na mkuki wako. Yeye aliyechomwa mkuki ubavuni kwa ajili yetu ajua namna ya kuutoa.

Lakini nina neno na sisi tuliobaki nyumbani. Je, mkuki ule ulipatikanaje mikononi mwa watu? Ulipatikana kwa kuwa korongo yule, alipokwisha kufika, alipigwa risasi. Jangwa halikumwua, wala njaa, wala mkuki. Aliuawa kwao.

Wazee wa kanisa na wainjilisti, lisikieni jambo hili. Mtu aliyepotea miaka mingi aja Jumapili, aketi nyuma karibu na mlango. Watu wageuza shingo, wanong'onezana, “Huyu naye amekuja kufanya nini?” Neno hilo ni risasi. Amefika akiwa hai, nasi twammaliza mlangoni pa Baba yake. Maonyo ya kanisa yana mahali pake, lakini kusudi lake ni kumponya mtu, si kumfukuza. Katika Luka 15 baba hakungoja mwanawe aoshwe kwanza. Alipiga mbio kumlaki, angali mbali.

Basi mtakapowaona korongo wakizunguka juu ya Karatu, wakipanda kwa safari ya kwao, mkumbukeni mtu mmoja kwa jina lake ambaye hajarudi. Mpelekeeni neno la kumwita. Naye atakapokuja, mikono yetu isionekane na kitu ila mkate.

Bwana aliyewawekea ndege njia yao awarudishe watu wake wote nyumbani. Amina.