Silaha Iliyofichwa na Haki ya Jirani Yako katika Safu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, assalaam alaykum. Kila tunapotoa salamu hii tunamtakia mwenzetu amani, naye ana haki ya kuiona amani hiyo kwetu. Je, ataiona vipi ikiwa hajui tumeficha nini kiunoni? Swali hili limewagawa kwa miaka mingi wanafunzi wenzetu wa Marekani, na Muislamu anapaswa kulipima kwa mizani ya dini yake.

Tarehe 1 Agosti 2016 sheria mpya ilianza kutumika katika vyuo vikuu vya serikali vya jimbo la Texas. Iliwaruhusu wenye leseni, waliotimiza miaka 21, kuingia chuoni na bastola iliyofichwa, hata madarasani. Siku hiyo ilitimia miaka 50 kamili tangu mtu mmoja apande mnara wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin na kuwamiminia risasi waliokuwa chini.

Wanaoiunga mkono sheria hiyo wana hoja isiyofaa kupuuzwa. Wanasema bango la kukataza silaha humzuia mtu mwema peke yake, maana muuaji hatii mabango. Wanataja chuo cha Virginia Tech, ambako silaha zilikatazwa, na bado tarehe 16 Aprili 2007 watu 32 wakauawa. Sisi Waislamu nasi tuna majonzi yetu. Watu 6 waliuawa msikitini mjini Quebec, Canada, mwaka 2017, na 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, mwaka 2019. Baada ya misiba kama hiyo si ajabu muumini akajiuliza kama aende Ijumaa na bastola.

Upande wa pili, walimu watatu wa chuo kile cha Austin walikwenda mahakamani mwaka 2016. Walisema watu hawawezi kujadiliana kwa uhuru darasani ikiwa kila mmoja anahofia kwamba mwenzake akikasirika ana bastola mfukoni. Kesi yao ilitupwa mwaka uliofuata, lakini hofu waliyoieleza haikutupwa pamoja nayo.

Tuirejee dini yetu. Kwanza, Uislamu hautuamrishi tulale mlango wazi. Katika Suratun Nisaa, aya ya 102, Allah anafundisha swala ya wakati wa hofu: kundi moja liswali na Mtume (s.a.w.) huku jingine likilinda, kisha wabadilishane, na wawe na silaha zao na hadhari yao. Tazameni mpangilio huo. Kila mtu alijua nani analinda, nani anaswali, na amri imetoka kwa nani. Hapakuwa na mtu aliyejipa ulinzi wa siri peke yake.

Pili, wametupokelea Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliagiza anayepita na mishale msikitini au sokoni aishike kwenye ncha zake, isije ikamjeruhi Muislamu. Hakukataza kuibeba. Lakini mzigo wa usalama aliuweka juu ya mbebaji. Hakumwambia jirani ajihadhari. Akaonya pia tusimwelekezee ndugu yetu silaha, kwa kuwa shetani anaweza kuuponyosha mkono.

Tatu, Bukhari amepokea kisa cha Abdullah bin Umar (r.a.). Alichomwa unyayo na ncha ya mkuki akiwa Mina, siku za Hija. Hajjaj, aliyekuwa gavana, akaja kumjulia hali na kusema laiti wangemjua aliyemjeruhi. Ibn Umar akamjibu kuwa ni yeye Hajjaj, kwa sababu ameruhusu silaha katika siku ambayo hazikuwa zikibebwa, na ameziingiza katika Haram. Mkuki ule haukutoka kwa adui. Ulitoka katika umati wa mahujaji, na lawama ikamwangukia aliyefungua mlango.

Ndugu zangu, ninachokifahamu katika dalili hizi ni kwamba kujilinda ni haki, lakini ulinzi wa mahali pa watu wengi ni amana ya jamaa. Huwekewa watu wanaojulikana, kwa uongozi, hadharani. Bastola ya siri humfanya kila mmoja kuwa askari na hakimu katika nukta moja ya hofu, na risasi ikikosea haimwulizi aliyesimama safu ya pili dini yake. Wenzetu wa Marekani wana sheria zao na wanazuoni wanaoijua hali yao. Msingi huu hata hivyo unatuhusu popote tulipo.

Hapa Uganda tunaujua uchungu huo. Mwezi Novemba 2016 Sheikh Muhammad Kiggundu, aliyekuwa pia ofisa wa jeshi, aliuawa kwa risasi pamoja na mlinzi wake. Silaha kuwa karibu si dhamana ya uhai. Na tangu mabomu ya Kampala ya Julai 2010 tumezoea kukaguliwa malangoni, nasi hunung'unika foleni ikirefuka na adhana ya Ijumaa imekwisha. Foleni ile ni sehemu ya hadhari tuliyoamrishwa. Fungua begi lako kwa uso mkunjufu. Kaka na dada wanaojitolea kukagua, washukuruni; na zamu ikikosa mtu, jitoe wewe. Unapomwonyesha mwenzako kuwa hukubeba cha kumdhuru, umeitekeleza salamu uliyomtolea.

Ewe Mola wetu, tupe amani katika misikiti yetu, vyuo vyetu na nyoyo zetu, na uwarehemu wote waliouawa kwa dhulma. Amin.

Wabillahi tawfiq.