Usasi wa Kundi na Haki ya Jirani

Usasi, yaani uwindaji kama unavyoitwa Unguja, kwa desturi ni kazi ya kundi. Wenye nyavu hukizunguka kichaka, wenye mbwa huingia ndani kumfukuza mnyama, na wengine hupiga kelele ili atokee upande aliokwisha kutegewa. Kwa kuwa mnyama huuawa kwa kazi ya wengi, ni rahisi kila mmoja wao kuyahesabu madhara yanayofuata kuwa si yake. Hapo ndipo linapozuka swali la kidini na la kimaadili: mtu anayejiunga na msafara wa wasasi, asiue chochote kwa mkono wake, ana dhima gani kwa mbuzi wa jirani aliyeumwa na mbwa, au kwa paka wa nyumba aliyenaswa katika mtego uliotegewa paa?

Swali hilo lina uzito wa pekee pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50, kwa sababu vijiji kama vile Pete, Kitogani, Charawe na Ukongoroni vinaishi ubavuni mwa msitu, na nguruwe mwitu anayeivamia mihogo usiku hawezi kuzuiwa na mipaka iliyochorwa kwenye ramani. Ndani ya hifadhi kuwinda kumekatazwa, lakini nje yake mkulima ana sababu ya haki ya kulilinda shamba lake, na mjadala wowote unaoisahau sababu hiyo haumtendei uadilifu.

Fiqhi, yaani elimu ya hukumu za sheria ya Kiislamu, haikatazi usasi wenye haja. Aya ya 4 ya Suratul Maida inaruhusu kuliwa kwa kile kilichokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda, na Hadithi zinamvua mbwa wa kuwindia, wa mifugo na wa shamba katika makatazo ya kufuga mbwa. Hata hivyo, madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Unguja, yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo kilichorambwa naye huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kwa hiyo msafara unaopita na mbwa kumi katika viwanja vya watu humwachia jirani, ambaye hakualikwa wala hatapata fungu la nyama, kazi ya kuosha vyombo vyake na kuihofia nguo yake ya kusalia. Ruhusa aliyopewa msasi ni baina yake na windo lake, na haiiondoi haki ya jirani, ambaye aya ya 36 ya Suratun Nisaa inaamrisha atendewe wema, awe wa karibu au wa mbali.

Kuhusu ushiriki, kuna tukio lililopokewa na Bukhari na Muslim ambalo lina mafunzo makubwa. Sahaba Abu Qatada, ambaye hakuwa katika ihramu, yaani hali ya ibada ya Hija au Umra inayomharamishia mtu kuwinda, alimuua punda mwitu, na wenzake waliokuwa katika ihramu wakaingiwa na shaka kama nyama ile ni halali kwao. Mtume (S.A.W.) hakuuliza tu ni nani aliyerusha mkuki, bali aliuliza kama kati yao yuko aliyemwamuru Abu Qatada au aliyemwashiria mnyama, na walipokanusha ndipo alipowaruhusu kula. Katika swali hilo mna msingi kamili wa maadili ya kundi, kwani ishara ya kidole nayo imehesabiwa kuwa ni tendo.

Wanazuoni walikwenda mbali zaidi walipojadili watu wengi walio katika ihramu wanaoshirikiana kumuua mnyama mmoja, jambo ambalo aya ya 95 ya Suratul Maida inalitakia fidia. Imamu Shafi aliona kwamba wote wanatoa fidia moja, kwa kuwa mnyama aliyekufa ni mmoja, ilhali Abu Hanifa na Malik waliona kwamba kila mmoja anatoa fidia kamili, kwa kuwa kila mmoja ameivunja heshima ya ibada yake. Hitilafu hiyo ni ya malipo, si ya kosa, kwa sababu hata anayeigawa fidia hasemi kwamba dhambi nayo imegawanyika. Gharama ya mbuzi aliyeuawa inaweza kuchangwa na wasasi ishirini, na kila mmoja akatoa kidogo, lakini dhima mbele ya Mwenyezi Mungu humfikia kila mmoja ikiwa nzima.

Wanyama wa kufugwa nao hawakusahauliwa. Katika Minhaj, kitabu cha fiqhi ya Kishafi cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, mwenye paka anayejulikana kwa tabia ya kuua ndege au kula chakula cha watu anawajibishwa kulipa, usiku na mchana, kwa kauli iliyo sahihi zaidi, kwa kuwa aliijua tabia hiyo na hakumzuia. Kama mwenye paka anawajibika hivyo, basi mwenye mbwa aliyefunzwa kukimbiza na kukamata anastahiki zaidi kuwajibika, kwani tabia hiyo ameifundisha mwenyewe. Na paka wa jirani naye ana heshima yake, maana ni Abu Qatada yuleyule aliyepokewa kuwa alimwinamishia paka chombo anywe maji, kisha akaeleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaozunguka majumbani mwetu. Mtego wa waya uliotegwa nyuma ya nyumba hauwezi kumtofautisha mnyama huyo na paa wa mwituni, kwa hiyo aliyeutega hawezi kujitetea kwamba hakumkusudia.

Historia ya Unguja yenyewe inaonyesha ubaya unaoweza kufikiwa pale kundi linapoacha kuuliza. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi, mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi aliongoza kampeni ya kuwafichua wachawi na kuwaua chui, kwa sababu iliaminiwa kwamba baadhi ya wanavijiji walikuwa wakifuga chui na kuwatuma wawadhuru watu na mifugo yao. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman wameieleza imani hiyo kwa urefu. Katika kampeni ile windo halikuwa chui peke yake, bali na jirani aliyetuhumiwa kumfuga, kiasi kwamba kumsaka mnyama kulikuwa pia kumsaka mtu. Chui wa Unguja aliendelea kuuawa katika miaka iliyofuata, na leo wanasayansi wengi wanamhesabu kuwa ametoweka. Huenda hakuna msasi hata mmoja aliyekusudia kuimaliza jamii nzima ya viumbe, lakini matokeo hayo yaliletwa na wote kwa pamoja.

Inaweza kusemwa, na hoja hii ni nzito, kwamba kwenda kusasa pamoja nako ni ujirani, kwa kuwa kundi hulilinda hata shamba la mjane na la mzee asiyeweza kukesha. Hoja hiyo inasimama madhali madhara yanayoondolewa ni ya kweli na dawa yake haizidi ugonjwa. Kima punju, kwa mfano, alilaumiwa kwa muda mrefu na wakulima wa karibu na Jozani kwamba anaharibu minazi, lakini uchunguzi wa Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba kule kula kwake nazi changa hakukupunguza mavuno. Paa nunga, ambaye hamwingilii mkulima kwa kiasi kinachotajika, amepungua sana kwa kuwindwa na kwa kukatwa vichaka, hata baadhi yao wakahamishiwa kisiwa cha Chumbe ili wahifadhiwe. Kumwita mnyama adui wa shamba bila ya uthibitisho ni kumshuhudia uongo kiumbe asiyeweza kujitetea.

Kutokana na hayo, uhalali wa usasi wa kundi hautimii kwa idadi ya waliokubali kwenda, bali unahitaji pia ridhaa ya waliobaki majumbani, kwa maana hao ndio wenye mbuzi, kuku, paka na watoto katika njia ya mbwa. Vijiji vya Jozani tayari vina kamati za uhifadhi na vimezoea kukubaliana juu ya matumizi ya msitu, kwa hiyo si jambo gumu msafara wa kuwasaka nguruwe ujadiliwe kwanza mbele ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mahali hapo, itangazwe siku na njia itakayopitwa, na ijulikane mapema nani atalipa kikiharibika kitu. Mwenye kujiunga bila ya kuyajua hayo amekubali kuyabeba asiyoyajua, na mwenye kuyajua akanyamaza, hata kama hakushika wavu wala bunduki, amekwisha kuashiria.